SAMAKI NAYE ANA NJIA YAKE MTONI

Ndugu mkulima, jirani yako akiifunga njia iendayo sokoni bila kukuuliza, siku hiyo hiyo utakwenda kwa chifu. Samaki hana chifu wa kumshitakia. Njia yake ni mto, na siku hizi mito yetu inajengwa sana: kalvati za barabara za skimu, vivuko vya saruji, na kuta za kuinua maji ya mifereji na pampu. Vitu hivi twavihitaji. Neno letu mwezi huu si kwamba usijenge, bali ujenge na kuacha njia.

Kwa Nini Samaki Hupanda Mto?

Watu wengi hudhani kwamba samaki wa ziwani hukaa ziwani maisha yake yote. Sivyo. Mtazame ningu, kama Waluo wamwitavyo, na mwenzake fwani. Hawa hukulia katika Ziwa Victoria, lakini wakati wa kuzaa huingia mitoni. Mvua ndefu zianzapo, yapata Machi au Aprili, mito ikajaa na maji yakawa mekundu, ndipo waanzapo safari ya kupanda Nyando, Sondu, Yala, Nzoia na Kuja. Ningu hutafuta mahali ambapo mto umefurika juu ya majani ya kingo, hutaga mayai hapo, kisha hurudi. Watoto wake hukua katika maji yale ya kina kifupi, halafu hufuata mto mpaka ziwani. Wakati wa mvua ndogo wako wengine wapandao tena. Mumi naye hutoka katika maji makubwa kwenda kuzaa katika nyanda zilizofurika.

Zamani ningu walikuwa chakula kikubwa cha watu wa mitoni. Kando ya Nzoia watu walijenga uzio wa miti na matete wenye mitego ya vikapu, wakavua kwa majira. Lakini wataalamu waliouchunguza mto huo katika miaka ya 1950 na 1960 waliandika kwamba ningu wanapungua sana, na sababu kubwa ni nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito wakati samaki wanapopanda kuzaa. Leo ningu amehesabiwa miongoni mwa samaki walio hatarini kutoweka.

Basi fikiri: nyavu zilipunguza wazazi. Wale wachache waliosalia wakipita salama mdomoni mwa mto, kisha wakakuta ukuta wa saruji, watazaa wapi? Uzio wa matete huweza kuvunjwa na mafuriko, njia ikafunguka. Ukuta wa saruji hauna majira. Huziba mwaka huu, na mwakani, na miaka mingi baada ya mjenzi kufa.

Wauliza jambo hili lamhusu nini mkulima wa Muhoroni, Koru au Songhor, mwenye miwa na ng'ombe? Lamhusu sana. Skimu hizi zilizofunguliwa katika miaka ya 1960 zimekaa juu ya Nyando na vijito vyake. Mkulima wa juu akiziba kijito, mvuvi wa Kano hupungukiwa chini, na samaki wa sokoni huzidi bei kwa mkulima yule yule. Na wewe wa Lugari au Trans Nzoia, usiseme kwamba maporomoko ya Webuye yamekwisha kumzuia samaki wa ziwani. Juu ya maporomoko wako samaki wakaao mtoni siku zote, nao pia hupanda na kushuka kutafuta chakula na mahali pa kutagia.

Mambo Manne Yamzuiayo Samaki

1. Kimo. Maji yatokayo katika kalvati huchimba udongo wa chini mwaka baada ya mwaka, mpaka mdomo wa kalvati unaning'inia hewani. Samaki mdogo kama kidole hushindwa na kimo cha shubiri moja.

2. Kasi. Mto mpana ukilazimishwa kupita katika bomba jembamba, maji hukimbia mno. Samaki huogelea mpaka nguvu zikamwishia, akarudishwa nyuma.

3. Uhaba wa maji. Juu ya sakafu pana ya saruji maji hutandaa yakawa membamba kama karatasi. Samaki hulala ubavu, na ndege humwona.

4. Ukavu. Mfereji au pampu ikichukua maji yote, chini ya ukuta hubaki mawe matupu.

Namna ya Kujenga

Daraja lisilogusa kitanda cha mto ndilo bora kuliko yote, kwa maana samaki hajui hata kwamba limejengwa. Ikiwa ni kalvati, iwe pana kama kijito chenyewe katika siku za kawaida. Kalvati moja pana ni bora kuliko mabomba matatu membamba. Ifukie robo ya kimo chake chini ya kitanda cha mto: yenye futi 4, futi 1 iwe chini, ili mchanga na kokoto zikae ndani yake. Iwekwe kwa mteremko ule ule wa mto, isizidi.

Kivuko cha saruji kiachiwe mfuo katikati, mahali pa chini kuliko pengine, ili maji machache ya kiangazi yakusanyike hapo na yawe na kina.

Ukuta wa kuzuia maji usiwe mrefu kupita haja. Chini yake panga mawe makubwa kwa makubwa, yajenge mteremko mpole: kwa kila futi 1 ya kupanda, weka yapata futi 20 za urefu. Kati ya mawe samaki hupata vidimbwi vya kupumzikia. Mdomo wa mfereji na wa pampu utiwe wavu wa matundu madogo, usafishwe mara kwa mara, kusudi watoto wa samaki wasiingie shambani kufa.

Tena jenga wakati wa kiangazi. Kazi ifanywayo wakati wa mvua hukutana na samaki njiani, na udongo uchimbwao hufunika mayai yao.

Ruhusa

Usianze kuchimba kabla ya kuuliza. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999, kifungu cha 42, yakataza kujenga kitu chochote mtoni bila idhini ya maandishi ya NEMA. Na kwa Sheria ya Maji ya mwaka 2016, kuchukua maji ya mto kwa mfereji au pampu kwahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Sheria hiyo yataka maji ya mahitaji ya lazima ya watu, na ya kuhifadhi uhai wa mto, yatengwe. Unapopeleka ombi, mwulize afisa wa samaki wa kaunti akuonyeshe wapi samaki hupita. Kurekebisha mchoro kwa kalamu hakuna gharama. Kubomoa saruji kuna gharama.

Kwa Sasa

Kabla ya mvua zijazo, kamati ya kila skimu na izunguke vijito vyake na fimbo ya kupimia. Penye kalvati iliyoning'inia, andika kimo chake. Penye takataka zilizoziba mdomo, zitoeni siku ile ile. Kimo kidogo chaweza kuondolewa kwa mawe na mikono ya watu, baada ya kupata idhini. Kimo kikubwa kipelekwe kwa mhandisi wa barabara, kwa barua yenye jina la kijito na kipimo. Nakala ya barua hiyo muiweke, maana barua isiyo na nakala husahauliwa upesi.