Reli Isiyopata Treni: Kwa Baisikeli Katika Milima ya Andalusia

Mdogo wangu alipoteza mguu wa kushoto katika barabara ya Malindi, asubuhi, akiwa kwenye baisikeli yake na kikapu cha samaki nyuma. Lori lilimpita likambana, na dereva wake hakusimama. Mimi niliyejifunza baisikeli tangu siku za chuoni, juzuu kwapani na mguu haujafika vyema kwenye pedali, niliitundika yangu ukutani jioni ile ile, na sikuishusha. Basi msomaji wangu asistaajabu nikimwambia kwamba baada ya miaka kumi na mmoja nimepanda tena baisikeli, nami sikuipandia Mombasa wala Malindi, bali Uhispania, katika milima ya Andalusia.

Aliyenipeleka ni rafiki wa utotoni, mtu wa Lamu aliyelowea Sevilla siku nyingi. Nilipomtembelea mwaka jana, mwezi wa Aprili, alinambia, "Bwana, kuna njia huku isiyopita gari. Kilomita 36, milima mitupu. Huna udhuru tena." Nikamjibu kwamba mtu wa makamo yangu na milima vitu mbali mbali. Akacheka, akasema, "Njoo uone kwanza, halafu ukatae."

Njia yenyewe ina kisa, na ni kisa cha ajabu. Katika miaka ya 1920, wakati Jenerali Primo de Rivera akiitawala Uhispania, yalianza matayarisho ya kujenga reli ya kutoka Jerez hadi Almargen, kupita katika vijiji vya milimani ambavyo havikuwa na njia ya maana. Watu wakatoboa majabali, wakajenga madaraja marefu juu ya mabonde, wakasimamisha na stesheni za kusubiria abiria. Kisha fedha zikapungua. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939, na baada ya vita kazi haikupata wa kuimaliza. Kati ya mji wa Olvera na ule wa Puerto Serrano hapakupita treni hata moja. Mahandaki 30 yaliyotobolewa kwa jasho la wanyonge yakaachiwa popo na mbuzi.

Mwaka 1993 Wahispania walizihesabu reli zao zilizokufa, wakakuta zimezidi kilomita 7,600. Badala ya kuziacha zimezwe na magugu, wakaanza kuzigeuza ziwe njia za waendao kwa miguu, kwa baisikeli na kwa farasi, wakaziita vías verdes, yaani njia za kijani. Leo njia hizo zimepita kilomita 3,000, na hii ya Olvera ni katika zile zinazosifiwa zaidi. Magari hayaruhusiwi.

Huenda msomaji akauliza, vipi mzee mwenye magoti yaliyochakaa akavuka milima kwa baisikeli? Hapo ndipo penye siri ya mambo. Gari la moshi ni mnyama mwenye nguvu nyingi lakini hana kifua cha kupanda kilima. Mhandisi wa reli akiukuta mlima hauparamii. Huuzunguka taratibu kama mtu anayemzunguka ng'ombe mkali, au huutoboa akatokea upande wa pili. Kwa hivyo mwinuko wa njia ya reli ni mdogo mno, hata macho hayautambui. Barabara ya magari kule hupanda na kushuka mpaka roho ikufike kooni, nawe chini yake, katika njia ile ya reli, unakwenda kama uendaye pwani ya Shela wakati wa maji kupwa. Tena ukianzia Olvera, ulio juu, ukaelekea Puerto Serrano, sehemu kubwa ya njia inakuteremsha.

Tulianzia Olvera. Ni mji mweupe, nyumba zake zimepakwa chokaa kama zetu, umekaa kilimani na juu yake pana ngome. Ngome hiyo ni ya Waislamu. Mji ulikuwa katika mpaka wa ufalme wa Granada, mpaka Alfonso wa Kumi na Moja wa Castilla alipouteka mwaka 1327, miaka 165 kabla ya Granada yenyewe kuanguka mwaka 1492. Nilisimama kuitazama, mkono mmoja umeshika usukani wa baisikeli ya kukodi, nami najua kwamba sikuja kulia. Watu wetu wengi wakienda Andalusia huenda Granada na Córdoba, wakaangua kilio mbele ya marumaru, wakarudi. Mimi nilikuwa na kazi nyingine siku ile. Nilikuwa naogopa baisikeli.

Nisifiche: dakika kumi za mwanzo nilikuwa nikigeuka nyuma kila mara. Mwili umezoea. Sikio linangoja honi, bega linangoja upepo wa lori. Rafiki yangu alinipita, akanambia bila kugeuka, "Hakuna kitu nyuma yako, bwana." Na kweli hapakuwa na kitu. Kulikuwa na njugu za mbuzi kutoka bondeni, na cheni yangu iliyokuwa ikililia mafuta, na pumzi zangu mwenyewe. Sijui ni kilomita ya ngapi niliyoacha kugeuka. Najua tu kwamba nilijikuta nikihesabu mizani, pedali ya kulia na ya kushoto, nane kwa nane, kama nifanyavyo nikitunga.

Kisha handaki la kwanza. Jua la Andalusia ni kali, na ghafula unaingia gizani, baridi inakupiga kifuani kama umefungua birika la msikiti alfajiri. Baadhi ya mahandaki yana taa. Mengine ni mafupi, unaona tundu la mwanga mbele. Lililo refu kupita yote linakaribia kilomita moja. Anayekwenda bila ya kurunzi ni mjinga, na mimi nilikuwa mjinga huyo, nikamfuata mwenzangu kwa sauti yake. Ndani ya handaki hata neno "aha" linakurudia mara tatu.

Kiasi cha nusu ya safari pana jabali kubwa liitwalo Zaframagón, limesimama peke yake kando ya mto. Juu yake wanaishi tumbusi, katika makundi makubwa ya ndege hao yaliyobaki Andalusia. Kwetu tumbusi ni ndege wa kufukuzwa, jina lake ni tusi. Kule jabali zima limehifadhiwa kwa ajili yake, na stesheni iliyokuwa ya treni isiyokuja imegeuzwa mahali pa kumtazama. Tukakaa chini, tukawatazama wakizunguka juu bila kupiga bawa, tukala mkate uliomiminiwa mafuta ya zeituni na nyanya. (Kwa chakula, mwenye kuuliza aulize sana, nguruwe huko hutiwa hata penye kunde. Mkate, jibini ya mbuzi na matunda havina wasiwasi.)

Mto upitao chini ya jabali hilo waitwa Guadalporcún, na ule mnaoukuta mbele, karibu na Puerto Serrano, waitwa Guadalete. Aliyekaa mbele ya maalim haambiwi "guad" ni nini. Ni wadi, bonde la mto, neno lile lile la Kiarabu, limebaki midomoni mwa watu ambao babu zao waliamrishwa kulisahau. Huo Guadalete hutajwa katika vita vya mwaka 711, Tariq bin Ziyad alipomshinda Mfalme Roderic, ingawa mahali penyewe wanachuoni wanapabishania hata leo. Nikaanza kumsikiliza mwenzangu akizungumza na wenyeji. Sukari wanaiita azúcar. Zeituni ni aceituna. Meya wa mji ni alcalde, naye si mwingine ila kadhi. Wakitaka kusema "mpaka" husema hasta, ambayo ni hata yetu, ndugu baba mmoja. Na mtu akitamani jambo husema ojalá, na ndani ya neno hilo limo jina la Mwenyezi Mungu, wala wengi wao hawalijui. Mambo haya nimeyasoma vitabuni miaka mingi. Lakini kuyasoma si sawa na kuyasikia kwa mchuuzi wa maji njiani, wakati hapana injini inayoyafunika.

Adhuhuri ilitukuta karibu na stesheni ya Coripe, ambako upo mwaloni mkubwa wa miaka mingi, matawi yake yametanda kama paa la msikiti. Tukatawadha kwa maji ya chupa, tukasali chini yake. Wapita njia wawili walipunguza mwendo, wakatuamkia kwa kichwa, wakapita.

Hapo Coripe ndipo nilipomwona mtu ambaye sijamsahau. Alikuja kutoka upande wa Puerto Serrano, amekaa chini chini katika baisikeli ya magurudumu matatu, anaiendesha kwa mikono, mfano wa zile tunazoziona kivukoni Likoni, ila yake nyepesi, ina gea na breki nzuri. Miguu yake miwili haikuwa na kazi. Alikuwa amekwisha panda kilomita kumi na kitu, anatoka jasho, anapiga mluzi. Mwenzangu akamuuliza habari ya njia. Akajibu kwamba handaki moja lina maji chini, tujihadhari. Basi hayo tu. Akaenda zake. Mimi nilibaki nimesimama, mwenzangu akanita mara mbili.

Mwenye nafasi ya siku nyingi ana njia nyingine ndefu zaidi, kilomita 128 kutoka Jaén hadi Puente Genil, iitwayo Njia ya Mafuta, kwa kuwa ilikuwa reli ya kubebea mafuta ya zeituni. Hiyo treni ilipita kweli, na madaraja yake ya chuma yangali yamesimama juu ya mashamba ya mizeituni yasiyo na mwisho. Nami niliitembelea kidogo tu, asubuhi moja, si kwa ajili ya mizeituni bali kwa ajili ya jina. Jaén ndiyo Jayyan, mji aliozaliwa Ibn Malik, mtunzi wa Alfiyya. Nani katika sisi tuliosomea nahau pwani hii hakuipitia Alfiyya, au angalau hakuchapwa kwa ajili yake? Aliihama nchi yake, akafa Damaski mwaka 1274, na beti zake zikasafiri mpaka Lamu. Nilipiga pedali nje ya mji wake nikijaribu kuzikumbuka zile nilizohifadhi, na aibu yangu ni kwamba zilikatika mapema.

Kwa atakayekwenda: asiende Julai wala Agosti, joto la kule hupita digrii 40. Aende Aprili na Mei, au Oktoba. Baisikeli hukodiwa kwenye stesheni za zamani, ambazo baadhi yake zimekuwa mikahawa na nyumba za wageni. Achukue maji, kurunzi, pampu na mpira wa akiba, maana mafundi wa chini ya mkwaju, wa kuziba pancha kwa shilingi chache, huko hawapo. Tukifika Puerto Serrano sisi tulirudi Olvera kwa teksi, na sioni haya kusema hivyo.

Usiku ule nilimpigia simu mdogo wangu. Nilimweleza njia, mahandaki, tumbusi na mwaloni. Alisikiliza kama asikilizavyo habari za watu wengine. Kisha nikamweleza yule mtu wa Coripe.

"Miinuko ipo?" akauliza.

"Haipo ya kutisha."

"Na malori?"

"Hayaruhusiwi."

Akanyamaza kidogo, nikadhani simu imekatika. "Ile baisikeli yake," akasema, "ni bei gani?"

Nikamwambia sikuuliza.

"Kaka," akasema, na alikuwa amekasirika kweli, "umekwenda mpaka Uhispania, umemwona mtu mwenye baisikeli kama hiyo, nawe hukumuuliza bei?"