Midoli ya zamani ya mohea: Kabla hujaiuza kwa fungu, tazama sikioni

Robota la midoli ya mitumba kutoka Ulaya likifunguliwa, uchambuzi hufanyika haraka. Mikubwa huwekwa huku, midogo kule, na iliyochakaa hutupwa kwenye fungu la bei ya chini. Dubu mgumu kama gogo, aliyepukutika manyoya na mwenye kitufe kidogo cha chuma kwenye sikio la kushoto, huangukia fungu hilo la mwisho.

Hapo ndipo hasara inapoweza kutokea. Katika nchi za Ujerumani, Uingereza, Marekani na Japani wapo watu wanaokusanya midoli ya aina hiyo, na hulipa bei ambayo haihusiani kabisa na uzito wala ukubwa wake.

Isieleweke kwamba kila robota lina hazina. Midoli mingi inayokuja katika mitumba ni ya poliesta na thamani yake ni ile ile ya sokoni. Lakini anayejua kutofautisha hatauza kimoja cha thamani kwa bei ya kumi vya kawaida, wala hatadanganywa anaponunua.

Mohea ni nini

Mohea ni manyoya ya mbuzi wa Angora, jamii yenye asili ya Uturuki. Mbuzi hao waliingizwa Afrika Kusini mwaka 1838, na leo nchi hiyo ndiyo inayoongoza duniani kwa uzalishaji wa mohea, ikifuatiwa na Lesotho. Nyuzi zake zinang'aa, ni imara na hazilali kwa urahisi. Ndiyo maana viwanda vya midoli vya Ulaya vilizichagua mwanzoni mwa karne ya 20.

Ndani, midoli hiyo ilijazwa nyuzi nyembamba za mbao. Baadhi ya viwanda, hasa vya Uingereza, vilitumia pia sufi, ile ile inayojazwa kwenye mito na magodoro huku kwetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nailoni na nyuzi nyingine za viwandani, za bei nafuu na zinazofulika, zilichukua sehemu kubwa ya soko.

Kitufe cha Giengen

Jina kubwa katika biashara hii ni Steiff, kampuni ya mji wa Giengen, kusini mwa Ujerumani. Mwanzilishi wake, Margarete Steiff, alizaliwa mwaka 1847 na akapooza akiwa mtoto kwa ugonjwa wa polio. Mwaka 1880 alianza kuuza tembo wadogo wa kitambaa kizito cha sufu. Walikusudiwa kuchomekea pini, lakini watoto waliwageuza vya kuchezea.

Mwaka 1902 mpwa wake, Richard Steiff, alibuni dubu wa mohea mwenye viungo vinavyozunguka. Katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1903 mnunuzi wa Kimarekani aliagiza dubu 3,000. Kufikia mwaka 1907 kiwanda kilitengeneza dubu 974,000 kwa mwaka mmoja.

Soko lilipokua, waigizaji nao walijitokeza. Kuanzia mwaka 1904 kampuni ikaanza kubana kitufe cha chuma sikioni mwa kila mnyama kama alama ya biashara. Alama hiyo iliyowekwa kuzuia bidhaa bandia ndiyo leo inayomsaidia mkusanyaji kukadiria umri wa mdoli.

Nini kinapanga bei

Kwa lugha ya uchumi, ugavi wa midoli hii umefungwa. Hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza tena dubu wa mwaka 1904. Hata hivyo uzee peke yake hautoshi. Dubu karibu milioni moja kwa mwaka si bidhaa adimu. Adimu ni yule aliyesalia na manyoya yake, kitufe chake na historia inayoweza kuthibitishwa.

Mfano ni dubu aliyeitwa Teddy Girl, wa mwaka 1904, aliyeuzwa katika mnada wa Christie's jijini London mwaka 1994 kwa pauni 110,000. Alikuwa mali ya mkusanyaji maarufu, Kanali Bob Henderson, aliyekuwa naye tangu utotoni, na historia hiyo ndiyo iliyompandisha bei. Dubu weusi waliotengenezwa mwaka 1912 kwa soko la Uingereza, baada ya meli ya Titanic kuzama, wana bei kubwa kwa sababu walikuwa wachache. Mmoja wao alivuka pauni 90,000 mwaka 2000.

Hizo ni bei za kilele, zisichukuliwe kama kipimo. Midoli ya miaka ya 1950, ambayo ni mingi zaidi, huuzwa kwa bei za chini sana kuliko hizo.

Namna ya kukagua

Kwanza, tenganisha manyoya utazame kitako chake. Mohea ya zamani imefumwa juu ya kitambaa kisichovutika, nyuzi zikiwa zimepishana. Midoli mingi ya poliesta ina kitako kinachovutika kama fulana.

Pili, chomoa unywele mmoja tu na uuchome. Mohea hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika. Poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga.

Tatu, soma kitambaa kilicho chini ya kitufe, kama kipo. Kwa Steiff, cheupe kilitumika hadi mwaka 1926, chekundu hadi 1934, kisha cha njano. Maandishi yanayotaja eneo la Marekani nchini Ujerumani ni ya miaka ya mwanzo baada ya vita. Tahadhari: tangu mwaka 1980 kampuni imetoa nakala za midoli ya zamani zenye kitambaa cheupe. Kitufe nacho chaweza kung'olewa kwa mdoli mmoja na kubanwa kwa mwingine. Alama moja haitoshi.

Nne, usifue. Maji yakiingia kwenye nyuzi za mbao hazikauki vizuri, zinaoza na kupasua mshono. Usibadilishe macho, usishone upya pua, na usikate kitufe. Kila "marekebisho" hupunguza bei.

Mpakani na njiani

Midoli si nguo. Nguo za mitumba huingia forodhani chini ya kifungu 6309, midoli iko 9503. Kuchanganya hivyo viwili kwenye nyaraka ni kujitafutia faini na ucheleweshaji. Kitu kilichozidi umri wa miaka 100 huangukia 9706, kifungu cha vitu vya kale, lakini mwenye mzigo ndiye anayepaswa kuthibitisha umri huo kwa nyaraka. Mdoli wa mwaka 1955 haumo humo, hata ukiwa na bei kubwa.

Anayemtumia mnunuzi wa Marekani akumbuke kwamba tangu tarehe 29 Agosti 2025 nchi hiyo iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800. Kubalianeni mapema nani atalipa, kabla ya kutaja bei.

Kwa msafirishaji, adui ni unyevu na nondo. Jasho la kontena hupenya hadi kwenye nyuzi za mbao, na mfuko wa plastiki uliofungwa hulifungia ndani. Funga kwa karatasi nyeupe isiyo na wino, weka kwenye boksi gumu, na usibebeshe mzigo juu yake. Piga picha za mdoli, kitufe na mishono kabla ya kufunga. Ukifika umeharibika, picha hizo ndizo zitakazobeba madai yako ya bima.

Kwa ufupi, mfanyabiashara hahitaji kuwa mkusanyaji. Anahitaji dakika mbili za kutazama sikio na kitako cha manyoya kabla ya kutaja bei. Akiwa na shaka, aweke mdoli kando bila kuugusa zaidi, apige picha, na aulize nyumba ya mnada. Baadhi yao hukadiria kwa picha bila malipo.