Gari lililozikwa mchangani kwa miaka 42

MWAKA 1969, Owen Wyn Owen, mwalimu wa chuo cha ufundi huko Wales, alipata kibali cha kuchimba mchanga wa ufuko wa Pendine. Hakuwa akitafuta hazina. Alitafuta gari lililozikwa pale miaka 42 kabla, baada ya dereva wake kufia ndani yake.

Gari hilo linaitwa Babs. Mzazi mwenye mtoto asiyeishiwa maswali kuhusu magari anaweza kumsimulia kisa hiki. Kina moshi, kelele na mwendo kasi, na kina sehemu moja ambayo itabidi aieleze taratibu.

Tuanze na injini. Gari dogo linalopeleka watoto shule huwa na injini ya lita moja au moja na nusu. Babs lina injini ya lita 27. Mimina ndoo ya maji ya lita 20 ndani ya silinda zake na bado patabaki nafasi ya lita saba. Injini yenyewe, aina ya Liberty, ina silinda 12 na ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya ndege za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Kwa nini makubwa yote hayo? Mafundi wa enzi zile hawakuwa na vyuma wala mafuta ya kuifanya injini izunguke haraka kama za leo. Aliyetaka nguvu zaidi alipanua silinda. Vita vilipokwisha mwaka 1918, injini za ndege zilibaki nyingi bila kazi, na watu wenye pesa wakaanza kuzifunga kwenye magari.

Mmoja wao alikuwa Louis Zborowski wa Kent, Uingereza. Baba yake alikufa akishindana na gari kusini mwa Ufaransa mwaka 1903, mtoto akiwa na miaka minane. Mama naye akafariki mwaka 1911, akamwacha kijana wa miaka 16 na utajiri mkubwa na hakuna wa kumwambia hapana. Aliutumia kwenye magari. La kwanza kati ya majitu yake alilipa jina la Chitty-Bang-Bang, likiwa na injini ya ndege ya lita 23. Miaka mingi baadaye Ian Fleming, yule mwandishi wa James Bond, akiwa anauguza moyo, aliazima jina hilo kwa hadithi aliyomtungia mwanawe Caspar kuhusu gari linaloruka. Kitabu kilitoka mwaka 1964, na watoto wengi wanalijua gari la hadithini bila kujua kwamba la kweli lilikuwapo.

Babs pia lilianzia kwa Zborowski, likiitwa Higham Special. Mwaka 1924 naye akafa mashindanoni, Monza, Italia, akiwa na miaka 29. Gari likauzwa kwa pauni 125.

Mnunuzi alikuwa J. G. Parry-Thomas, mhandisi mzaliwa wa Wales. Huyu hakuwa mtoto wa tajiri anayechezea pesa. Alifungua mashine, akaitengenezea pistoni zake mwenyewe, akabadilisha kabureta, akalibatiza gari jina jipya. Aprili 1926, kwenye mchanga wa Pendine, alivunja rekodi ya dunia akienda zaidi ya kilomita 270 kwa saa. Februari 1927 Malcolm Campbell akampokonya rekodi hiyo papo hapo Pendine. Machi 3 Thomas alirudi kuidai. Babs lilipinduka kwa kasi kubwa na akafa hapohapo, dereva wa kwanza kufa akiwania rekodi ya mwendo kasi wa nchi kavu. Wenzake walimzika kaburini, na gari wakalifukia mchangani.

Owen alipotaka kulifukua, si kila mtu alifurahi. Wapo walioona ni sawa na kuvunja kaburi, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mtoto yeyote atauliza jambo hilohilo. Lakini mchanga haukuwa ukilihifadhi gari lile. Chumvi na kutu vilikuwa vinalila, na pamoja nalo ushahidi wa kilichotokea. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba mnyororo unaozungusha magurudumu ndio uliokatika na kumpiga Thomas. Waliochunguza mabaki walikuja kuona kwamba huenda gurudumu la nyuma ndilo lililoachia kwanza. Kwa mtu aliyejitengenezea gari lake, hilo si jambo dogo.

Matengenezo yalichukua takriban miaka 15. Spea hazikuwapo dukani. Kilichooza kilichongwa upya. Mwishowe ile Liberty ikawaka. Leo Babs huonyeshwa Pendine, na pia Brooklands, kwenye uwanja wa zamani wa mashindano ambako Thomas alikuwa akiishi.

Owen hakuwa peke yake katika ugonjwa huu. Mwingereza Duncan Pittaway alitumia zaidi ya miaka 10 kuunganisha Fiat S76, gari la Kiitaliano la miaka ya 1910 na 1911 lenye lita 28.4 katika silinda nne tu. Yaani silinda moja ina zaidi ya lita saba! Yalitengenezwa magari mawili. Chasisi ya moja ilipatikana Australia. Injini ilikuwa ya lile la pili. Bodi na giaboksi ilibidi vitengenezwe upya. Novemba 2014 injini iliwaka kwa mara ya kwanza baada ya takriban karne moja, ikitema moto ubavuni kupitia matundu ya moshi.

Video zake zinapatikana kwa urahisi mtandaoni. Mzazi anayetaka kumwonyesha mwanawe apunguze sauti ya simu kwanza, hasa kama kuna mtoto mchanga aliyelala chumba cha pili.