"Oversee" ni Kusimamia, si Kufumba Macho



Karatasi nyingi za misaada zinazofika kambini zimeandikwa kwa Kiingereza. Mara nyingi humo mnaonyeshwa neno "oversee": komite itasimamia ugawaji wa chakula, bomba la maji, ujenzi wa vyoo. Maana yake ni kuongoza kazi tangu mwanzo hadi mwisho na kuijibia mbele ya watu. Kwa wakati uliopita huandikwa "oversaw".

Neno hili limeungwa na mawili: "over", yaani juu, na "see", yaani kuona. Ndiyo sababu wengi hulichanganya na "overlook", ambalo mara nyingi ni kinyume chake: kutoliona jambo, au kuliona na kuliacha lipite. Sisi wenyewe tulianguka hapo. Tulipoisaidia komite moja kumwandikia mfadhili kwamba itasimamia ugawaji wa maturubai, tuliandika "overlook". Mfadhili akaelewa kwamba komite haitajali ugawaji huo, akaanza kuuliza maswali. Familia zikaendelea kunyeshewa wakati sisi tukisahihisha neno moja. Kosa lilikuwa letu, si la komite.

Jina "oversight" nalo lina maana mbili: usimamizi, au kosa la kusahau. Someni sentensi nzima kabla ya kuamua.

Kuna maneno mengine ya jirani. "Monitor" ni kufuatilia: kutazama, kuandika na kutoa ripoti, pasipo lazima kuwa na amri. "Supervise" ni kuwaongoza wafanyakazi kwa karibu wakiwa kazini.

Kwa hiyo, viongozi, kabla ya kutia sahihi ulizeni: tunaweza kusimamisha kazi ikiharibika, au tunatazama tu? Orodha ya familia iko mikononi mwa nani? Malalamiko yatapelekwa wapi? Komite isiyo na uwezo hubaki kubeba lawama, na ugomvi huingia kati ya wahamiaji na wenyeji.

Ulizeni pia kama akina mama wamo. Kanuni ya 18 ya Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa juu ya Wahamiaji wa Ndani, za mwaka 1998, inataka wanawake washiriki kikamilifu katika kupanga na kugawa misaada ya lazima.

Nanyi familia, mnayo haki ya kuuliza komite yenu: mlisimamia, au mlifumba macho?