Utambuzi wa Virusi vya Njia ya Hewa kwa Watoto Waliolazwa: Mfano wa Garissa

Mtoto anapolazwa hospitalini mjini Garissa akihema kwa kasi, muuguzi husema ana nimonia, au homa ya mapafu. Mamaye, aghalabu Msomali, husema oofwareen. Majina haya yote hutaja hali ya mapafu wala hayataji kilichoyadhuru. Chanzo chaweza kuwa bakteria au virusi, na tofauti hiyo ni kubwa: viuavijasumu huangamiza bakteria lakini havidhuru virusi.

Utambuzi wa awali hutegemea macho na saa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, huhesabiwa kuwa anahema kwa kasi. Kifua kikibonyea anapovuta pumzi, hatari imezidi. Dalili hizi hudhihirisha uzito wa ugonjwa, ila hazifichui chanzo. Kwa sababu hiyo, tabibu huanzisha viuavijasumu kwa tahadhari.

Chanzo hutafutwa maabarani. Kamasi huchukuliwa puani na kooni kwa kijiti chenye pamba, ikahifadhiwa baridini, kisha chembe za urithi za virusi hurudufishwa kwa mbinu ya PCR hadi zitambulike. Kati ya 2007 na 2010, uchunguzi wa namna hii katika kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma ulibainisha adenovirusi, RSV na virusi vya mafua, miongoni mwa vingine.

Hata hivyo, kupatikana kwa virusi si ithibati kamili, kwani hata mtoto mwenye afya huweza kuvibeba. Ndipo utafiti wa PERCH, uliohusisha nchi saba, Kenya ikiwemo kupitia Kilifi, ukawalinganisha wagonjwa na watoto wasiougua. Matokeo ya 2019 yalikadiria kuwa virusi vilisababisha takriban asilimia 61 ya nimonia kali kwa watoto wasio na VVU, RSV ikiongoza.

Hapa lugha nayo ina dhima. Neno virusi limeenea sana kupitia mjadala wa UKIMWI. Mama aambiwapo tu kuwa mwanawe ana virusi, huenda akaelewa jambo jingine na kuingiwa na hofu. Yafaa basi jina litajwe kikamilifu, virusi vya mafua kwa mfano, ili mzazi ajue anachokabiliana nacho na kwa nini dawa fulani haikutolewa.