Kima Punju Hamalizi Nazi Zako

Kila niendapo kufuatilia kima punju kwenye mashamba ya Pete, pembeni mwa msitu wa Jozani, naulizwa swali lile lile, mara nyingi hata salamu hazijaisha: "Mwalimu, mtatuletea lini dawa ya kuwafukuza hawa wanaotumalizia nazi?" Nimelijibu barazani, nimelijibu kwenye mikutano ya shehia, nimelijibu ndani ya daladala. Leo naliandikia. Kima punju hapunguzi mavuno ya nazi, na dawa ya kumfukuza, hata ingekuwepo, isingekuongezea nazi moja.

Anayesema amemwona juu ya mnazi anasema kweli. Hata mimi namwona. Lakini kumwona mnyama juu ya mti bado si kujua amekula nini, na kujua hilo ndiyo kazi yetu ya siku nzima. Tunafika chini ya miti waliyolala kabla jua halijatoka, kwani kundi likishatawanyika asubuhi ni tabu kulipata lote. Kutoka hapo mpaka magharibi, kila muda uliopangwa unapofika, tunampitia kila mnyama anayeonekana na kuandika anafanya nini wakati huo huo: anakula, anatembea, anamtoa mwenzake chawa, amejipumzikia. Akiwa anakula, tunaandika ni mti gani na ni sehemu gani ya mti: jani changa, kikonyo, chipukizi, ua, tunda bichi. Mabaki anayoyaangusha tunayaokota. Shingo huuma, na karatasi nyingi hujaa neno "amepumzika", maana mla majani hutumia sehemu kubwa ya mchana akisubiri tumbo limalize kazi yake.

Sasa tufike kwenye mnazi. Msomaji wa Zanzibar hana haja ya kufundishwa hatua za nazi: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Anachokula kima punju ni kidaka. Nazi iliyokomaa haimhusu. Hana meno ya kupasulia kifuu wala tumbo la kupokea chakula cha namna hiyo. Na mkulima yeyote aliyewahi kupita chini ya mnazi wake asubuhi anajua kwamba mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kulea. Vingi huanguka vyenyewe, kima awepo asiwepo. Kwa hiyo kuhesabu vidaka vilivyoliwa na kuviita nazi zilizopotea ni hesabu ya uongo. Kidaka kilicholiwa leo huenda kingedondoka wiki ijayo.

Jambo hili halikuachwa kwenye maneno matupu. Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walilichunguza kwenye mashamba haya haya na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Walifuatilia minazi inayoliwa na kima punju, kisha wakalinganisha kiasi kilicholiwa na mavuno ya mwisho. Pale palipoliwa zaidi, mavuno hayakuwa madogo. Yalikuwa makubwa zaidi. Maelezo waliyoyapendekeza ni kwamba kima anapopunguza vidaka, vinavyobaki hupata chakula cha kutosha na kukomaa. Kuna watakaobisha kwamba labda kima huchagua tu minazi inayozaa sana. Sawa, wabishe. Hata hivyo hasara wanayoilalamikia haimo kwenye vipimo.

"Basi mbona vidaka vyangu vinapukutika?" Hilo ndilo swali la maana, na linaniuma kuona haliulizwi ila baada ya mawe kurushwa. Okota kidaka kilichoanguka, ukikague. Ukikuta makovu na utomvu ulioganda, hakikuguswa na kima. Hiyo ni kazi ya mdudu mfyonzaji wa jamii ya kunguni, Pseudotheraptus wayi, anayechoma kidaka na kukiachia mate yenye sumu. Vingi hufa na kudondoka; vinavyonusurika hukua na makovu. Mdudu huyu ni mdogo, hukaa juu kwenye kikuti, na hana mkia mrefu wa kuonekana kutoka barabarani, ndiyo maana hashitakiwi. Jina lake la kitaalamu linamkumbuka M. J. Way, aliyemchunguza hapa hapa Zanzibar katika miaka ya 1950 na kuonyesha kwamba adui wake mkubwa ni chungu maji moto. Mnazi wenye maji moto wengi hulindwa. Mnazi uliofukuzwa maji moto hubaki wazi. Na nani huwafukuza? Sisi wenyewe, kwa sababu wanamuuma mkwezi. Mkulima anachoma kiota cha mlinzi wake, kisha ananiomba mimi dawa ya kima.

Kosa jingine ni la kuwachanganya wanyama wawili. Kima wa kawaida, yule wa rangi ya kijivujivu, ana vifuko mashavuni na hupenda vitu vitamu na vya wanga. Huyo akiingia kwenye mahindi au ndizi ana madhara kweli, na mwenye shamba ana haki ya kulalamika. Kima punju ana mgongo mwekundu, manyoya meupe yaliyosimama usoni, hana vifuko mashavuni, na kidole gumba chake kimebaki kibutu. Tumbo lake limegawanyika vyumba kama la ng'ombe, na bakteria humo ndani huvunja majani. Tunda bivu lenye sukari nyingi huvuruga tumbo hilo. Kwa hiyo ndizi mbivu ikiibwa, usimtafute yeye. Mgeni anayemrushia ndizi ili apige picha naye anamdhuru.

Imebaki ile habari ya sumu, iliyomo mpaka kwenye jina lake. Inasemwa kwamba mti anaoula hukauka, na mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Mikungu na miembe ya Pete imeliwa majani miaka nenda miaka rudi, nayo huchipua tena, nendeni mkaitazame. Sumu iliyopo ni ya majani yenyewe. Mkungu na mwembe vina kemikali za finoli zinazozuia usagaji wa chakula, na kima punju wa mashambani wamejifunza kula makaa, wakiyaokota kwenye matanuri na penye visiki vilivyoungua, kwa kuwa makaa hunasa kemikali hizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulilipima hilo. Mnyama anayejitibu tumbo anaitwa mchawi kwa sababu ameonekana ameshika kaa mkononi! Haya maneno yamewagharimu uhai wao kwa vizazi, na sina subira nayo tena.

Ya kufanya, basi, kwa haraka. Usichome viota vya maji moto. Mkwezi ajipake majivu miguuni na mikononi, apande mapema asubuhi. Funga kamba kutoka mnazi hadi mnazi ili chungu wavuke. Panda michungwa katikati, maana wanaipenda. Usifyeke magugu yote chini ya minazi, kwani ardhi tupu huwapa nafasi chungu wadogo wa ardhini wanaowafukuza maji moto. Mnazi uliozeeka panda mwingine badala yake. Linda mahindi dhidi ya kima wa kawaida kwa kushinda shambani yanapokaribia kukomaa, mchana, kwa kuwa usiku halali shambani kwako. Dereva, punguza mwendo kwenye barabara ya Jozani. Matuta yaliwekwa pale kwa sababu kima punju walikuwa wakigongwa mara kwa mara. Mgeni, kaa mbali naye, usimlishe, na ukiwa na mafua usiende kabisa.

Hesabu ya kisiwa kizima iliyochapishwa mwaka 2019 iliwakadiria kuwa zaidi ya 5,800. Wengi waliposikia idadi hiyo walidhani kazi imekwisha, ila utafiti huo huo ulionyesha kwamba wadogo wengi hawafiki utu uzima. Kima punju hapatikani porini popote nje ya visiwa vya Zanzibar, na bado yumo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka duniani.