Rangi Ndani ya Picha (2): Kinyonya Rangi Huona Nini?

Wiki iliyopita tuliona kwamba picha ya kompyuta ni kama mkeka uliosukwa kwa viraba vidogo viitwavyo pikseli, na kwamba kila pikseli hubeba namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Leo tukitazame chombo kinachozisoma namba hizo. Kwenye Photoshop, Illustrator na CorelDRAW alama yake ni kile kibomba cha kudondoshea dawa ya macho. Katika makala haya nitakiita kinyonya rangi. Unabofya mahali kwenye picha, na rangi ya pale inakuwa rangi ya brashi yako au ya maandishi yako. Ni kazi ya sekunde moja, na wepesi huo ndio unaotuponza.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniletea kazi ya kadi za harusi ya bintiye. Alitaka zifanane na sare ya akina mama, kitambaa cha damu ya mzee, akanitumia picha yake kwa simu. Nikabofya mara moja, nikachapa kadi 200. Alipozishika tu akasema, "Mwanangu, hii si ni waridi? Mimi nilikuambia damu ya mzee."

Nikaifungua picha ili nimwonyeshe kwamba rangi niliitoa humo humo kwenye kitambaa chake. Kweli niliitoa humo, ila nilikuwa nimebofya mgongoni mwa kunjo, pale taa ilipopiga: 176, 96, 108. Pembeni kidogo, penye mwanga wa wastani, kompyuta ilisoma 118, 24, 40. Ndani ya kunjo, kivulini, 58, 10, 18. Kitambaa kimoja, majibu matatu, na hakuna hata moja lililokuwa la uongo.

Ni kwamba kinyonya rangi hakijui kitambaa ni nini. Kinajua namba zilizoandikwa kwenye pikseli, na namba hizo ni habari za mwanga ulioifikia kamera. Jicho la binadamu halifanyi hivyo. Lenyewe hukisia taa ikoje na kivuli kiko wapi, likaviondoa, kisha likatuambia nguo ni ya rangi gani. Wengi watakumbuka ile picha ya gauni iliyozua mabishano duniani Februari 2015: hawa wakiona bluu na nyeusi, wale wakiapa ni nyeupe na dhahabu. Waliokwenda kuipima kwa kompyuta walikuta bluu iliyopauka na kahawia. Gauni lenyewe lilikuwa bluu lenye lesi nyeusi. Weusi wa lesi haukuwamo kwenye namba hata kidogo.

Tena pikseli moja peke yake ni shahidi dhaifu. Kihisio cha kamera nyingi, simu zikiwamo, kimefunikwa kwa vichujio vilivyopangwa kwa mtindo wa Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976: nusu kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kila nukta hupima rangi moja tu. Mbili zilizobaki hukisiwa kutoka kwa majirani. Halafu picha ikihifadhiwa kwa JPEG hukatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na habari nyingi za rangi hutupwa ili faili liwe jepesi. Ikipita WhatsApp hubanwa tena. Ikuze picha ya namna hiyo, utaona punje za kijani na zambarau ndani ya kitambaa chekundu.

Dawa yake ni kuchukua wastani. Photoshop, ukishakishika kinyonya rangi, hukuruhusu kuchagua upana wa eneo: pikseli moja, 3 kwa 3, 5 kwa 5, hadi 101 kwa 101, yaani pikseli 10,201 kwa mbofyo mmoja. GIMP, ambayo ni ya bure, nayo ina kisanduku cha kuchukua wastani na mahali pa kupanga upana wake.

Lakini wastani nao una mtego. Chukua kanga yenye mistari myekundu ya 201, 15, 31 na myeupe ya 255, 255, 255. Eneo lako likigusa nusu kwa nusu, utapewa 228, 135, 143. Hiyo ni waridi, na kwenye kanga ile hakuna uzi wa waridi hata mmoja. Kwa hiyo kuza picha kwanza, tafuta sehemu ya rangi moja isiyong'aa wala kuwa kivulini, tumia 5 kwa 5 au 11 kwa 11, kisha bofya mara tatu mahali tofauti na ulinganishe.

Ukipiga picha mwenyewe, laza karatasi nyeupe kando ya kitambaa. Karatasi ikisomeka 230, 215, 190, taa ilikuwa ya manjano, na kitambaa kimepakwa umanjano huo huo. Kwenye kidirisha cha kurekebisha mwanga kuna vinyonya vitatu vidogo. Bofya karatasi kwa kile cha kijivu, namba zake zitasawazishwa na picha nzima itafuata. Baada ya hapo ndipo uchukue rangi.

Kadi za yule mama nilizichapa upya kwa gharama yangu. Safari hii nilimwomba kipande cha kitambaa chenyewe, nikakiweka juu ya karatasi iliyotoka mashineni, dirishani, penye mwanga wa mchana. Namba zilikuwa sawa, kwenye kioo cha kompyuta rangi ilikuwa sawa, wino ndio ukakataa. Kisa cha wino ni cha wiki ijayo.